Haller Park: Historia ya Simiti ya Bamburi Isomwavyo Ardhini

Anayetaka kuijua historia ya kampuni ya simiti ya Bamburi asianzie kwenye mfuko wa kilo 50, bali aende Haller Park, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi, kwa kuwa bustani hiyo imeota ndani ya machimbo ya kampuni yenyewe. Kampuni iliasisiwa mwaka 1951 na Felix Mandl, mkurugenzi wa Cementia Holding ya Uswisi, na kiwanda kikaanza kazi mwaka 1954, kikiwa na uwezo wa kutoa tani 140,000 kwa mwaka. Mwamba wa matumbawe ya kale, unaochomwa tanurini hadi uwe klinka, yaani vinundu vigumu vinavyosagwa kuwa simiti, ulikuwa papo hapo, na bandari ya Kilindini haikuwa mbali.

Machimbo yaliacha uwanda mweupe usio na udongo, wenye joto kali, na maji ya chumvichumvi chini yake. Mwaka 1971 René Haller, bwana shamba Mswisi aliyeajiriwa na kampuni, alianza kupanda miti, na kati ya aina 26 alizojaribu zilistahimili tatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Hata hivyo, majani ya mvinje yaliyodondoka hayakuoza, maana yamejaa tanini, kemikali chungu ya mimea inayozuia kuoza. Ndipo wakaletwa majongoo wenye miguu myekundu, wakayatafuna, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo.

Wageni wengi hukimbilia twiga, au huulizia habari za Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini Desemba 2004 akaandamana na Mzee, kobe wa Aldabra. Si vibaya, lakini kwangu mimi kivutio kikuu kiko chini ya mivinje, ambako tabaka jembamba la udongo mweusi limelalia mwamba mweupe.

Umiliki umepita mikono mingi: Lafarge ya Ufaransa iliinunua Cementia mwaka 1989 na Blue Circle ya Uingereza, mwanahisa mwingine wa Bamburi, mwaka 2001, kisha mwaka 2024 Amsons ya Tanzania ikaichukua Bamburi. Naisifu kazi ya Haller bila kusita, ila msitu huo usichukuliwe kuwa kibali cha kuchimba popote, kwani mwamba uliokwisha kuchomwa haurudi. Mwalimu wa jiografia au kemia awalete wanafunzi wake hapa, na awapitishe kwanza kwenye mivinje kabla hawajawaona twiga, maana baada ya hapo hawatamsikiliza tena.