TAHADHARI: Fundi wa spika za gari Kariakoo aliyenipimia kwa tepu kisha akanifungia visanduku vitupu

Ndugu zangu, naandika haya nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, na aibu ndiyo kubwa, kwa sababu mnaonijua mnafahamu jinsi ninavyowacheka watu wanaouziwa sabuni ndani ya boksi la simu. Habari ya shemeji, niliyemcheka kwa ile sabufa ya harusini, sitairudia. Itoshe kusema kwamba sasa ni zamu yake kunicheka, na ameshaanza.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kariakoo kutafuta spika za komponenti za inchi sita na nusu kwa ajili ya milango ya mbele ya gari langu, Toyota IST, yaani zile ambazo twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inakaa peke yake, spika ya besi inakaa peke yake, na kisanduku cha krosova ndicho kinachogawa sauti kati yao. Jina la duka silitaji kwa sababu nimeshachukua RB, ile namba ya kesi ya polisi, na nimeshauriwa nisubiri.

Nataka mwelewe kwa nini nilimwamini. Nilipoingia nilionyesha kwa kidole seti ya laki tisa, naye akaigeuza boksi, akaangalia redio yangu, akasema, "Hiyo haikufai, kaka. Redio yako imeandikwa wati 50, lakini kwa ukweli wake inatoa kama 20 kila upande. Chukua hii ya laki nne na nusu, hela nyingine kamnunulie mama watoto zawadi." Niambieni nyinyi, ni tapeli gani anayekataa laki tisa? Akaifungua seti hiyo mbele yangu, nikaishika mkononi, nzito, mpira wa pembeni laini, na twita zake za kitambaa cha hariri.

Kisha akanikalisha kwenye kiti cha dereva, akaniambia niegeme kama ninavyoendesha, akavuta tepu ya mafundi seremala kutoka sikioni kwangu hadi kwenye spika ya mlango wa kulia: sentimita 95. Akazunguka, akapima ya kushoto: 140. Akanieleza kwa upole kama mwalimu kwamba sauti hutembea mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ya kulia inanifikia kabla ya mwenzake, na ndiyo maana mwimbaji namsikia ameketi mlangoni kwangu badala ya kusimama mbele, katikati ya dashibodi. Akasema spika ya besi ikisogezwa chini na mbele kuelekea miguuni, tofauti ya umbali inapungua. Akasema twita isifungwe chini karibu na goti, kwa sababu sauti nyembamba huenda mbele kama mwanga wa tochi, ukiikinga kwa goti imekwisha. Mahali pake ni ile pembetatu ya plastiki kwenye kioo cha pembeni, ikielekezwa katikati ya gari na si usoni kwa dereva, na isiachane mno na mwenzake wa chini, la sivyo sauti ya mtu inapasuka, kifua kinasikika miguuni na herufi za s zinasikika kiooni. Mlango nao angeuziba matundu yote, kwa sababu hewa inayosukumwa nyuma ya spika ikipata njia ya kurudi mbele inaila besi.

Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Nimelihakiki baadaye kwa watu wanaoijua kazi hiyo. Hakutekeleza hata moja.

Nililipa 450,000 za seti na 120,000 za ufundi, nikatuma kwa simu, akaniambia kazi ni ya saa nne hivi na gari litapelekwa uani kwa sababu mtaani hakuna nafasi, basi nikapate kahawa. Nikaenda. Naona aibu kuandika kwamba nilikwenda pia kununua viatu, nikala, nikarudi karibu na magharibi nikiwa na furaha kama bwana harusi. Akawasha taarabu ya zamani, kwa sauti kubwa, kitufe cha kuongeza besi kikiwa kimebonyezwa, milango yote wazi katikati ya kelele za mtaa. Akaniambia nifumbe macho. Nikafumba macho! Nikatikisa kichwa pale kitini nikidai namsikia mpiga fidla yuko wapi na mpiga kanuni yuko wapi, kisha nikampa mkono na kumwongezea elfu kumi ya soda.

Nyumbani, mwanangu wa miaka tisa ndiye aliyeuliza, "Baba, mbona huyu anaimba ndani ya bakuli?"

Jumapili, mimi na jirani tulifungua plastiki ya ndani ya mlango wa kushoto. Spika ilikuwa imeshikwa na skrubu mbili kati ya nne, bila ringi ya kuikalisha, na nailoni ya kuzuia maji ya mvua ilikuwa imechanwa kwa kisu kutoka juu hadi chini. Matundu yote wazi. Sumaku ilionekana kubwa kama ya ile niliyoishika dukani, lakini jirani aliigonga kwa kucha ikalia plastiki. Akalivuta kopo jeusi likatoka lote mkononi, na ndani mlikuwa na kisumaku chembamba kisichozidi mfuniko wa chupa ya maji. Visanduku vya krosova ndivyo vilivyonimaliza. Mnajua ndani kunatakiwa koili ya shaba ya kuzuia sauti nyembamba isiende kwenye besi, na kapasita ya kuzuia besi isiunguze twita. Mle mlikuwa na kapasita moja ndogo, waya ulioingia huku na kutokea huku, na kipande cha saruji kilichogandishwa kwa gundi ili kiwe na uzito. Saruji, ndugu zangu! Tulipogusisha betri ndogo, ile ya volti moja na nusu, kwenye nyaya za redio, spika ya kulia ilitoka nje na ya kushoto ikaingia ndani, yaani chanya na hasi zimegeuzwa upande mmoja, hii inasukuma hewa ile inavuta, na besi zinauana njiani. Twita ya kulia aliifunga chini kabisa ya mlango. Gotini, pale pale aliponikataza.

Jumatatu nilipomrudia alisema bila haya, "Zipe wiki mbili zizoee, kaka." Jumanne kijana wa dukani akaniambia fundi huyo hawamjui, huwa anaazima benchi tu.

Mtu huyu anastahili kuwekwa ndani, na si kwa usiku mmoja wa kutoka kwa dhamana. Nimewaandikia Tume ya Ushindani kuhusu bidhaa bandia, na TRA, watu wa kodi, nao wanapaswa kumuuliza yeye na duka lililomhifadhi risiti za mashine ya EFD ziko wapi, kwa sababu mimi nilipewa karatasi ya daftari. Arudishe fedha, alipe mlango wangu, na vifaa vyake vichukuliwe mbele ya majirani zake waone. Hiyo karatasi ya daftari ingetosha kunizindua, kama ambavyo jina lililotokea kwenye simu nilipotuma fedha, ambalo halikuwa lake wala la duka, lingetosha. Boksi nalo alinikabidhi jioni likiwa limezungushwa gundi ya karatasi, sikulifungua. Anayetaka kufunga akae pale pale gari linapofunguliwa, hata kama ni saa tano kwenye jua, na krosova ifunguliwe kabla ya kulipa; na wenye magari mapya zaidi wasiruhusu mtu kama huyu atoboe nguzo ya kioo cha mbele kuweka twita, kwa kuwa baadhi yake zina mfuko wa hewa ndani. Lakini zaidi ya yote afungwe.

Alhamisi saa tatu asubuhi nitakuwa kituoni na spika zenyewe ndani ya mfuko. Aliyefungiwa spika na mtu mrefu, mpole, anayepima masikio kwa tepu ya njano, aniandikie faragha ili twende pamoja, maana mpelelezi amesema walalamikaji wakiwa wengi kazi yake inakuwa nyepesi. Na spika zangu za zamani, zile zilizokuja na gari kutoka Japani na zilizokuwa zikiimba vizuri tu, bado anazo yeye.