Mayungiyungi ya Siku kwa Posta: Mizizi Safi, Lebo Pungufu

Mashina 9 ya mayungiyungi ya siku, mimea ya maua ya bustani, niliyoyaagiza kutoka kitalu kimoja kinachouza kwa posta yalifika bila udongo, mizizi ikiwa imefungwa kwa karatasi yenye unyevu kidogo na majani yamepunguzwa hadi urefu wa kiganja. Kuhusu ubora wa miche yenyewe sina la kulalamika. Mizizi ilikuwa minene na migumu, haikuwa na harufu ya kuoza, na kila shina lilikuwa na vichipukizi viwili au vitatu.

Mwongozo uliowekwa ndani ulikuwa sahihi katika mambo ya msingi: jua la saa 6 kwa siku, nafasi ya sentimita 45 hadi 60 kati ya shina na shina, na shingo ya mmea, yaani pale majani yanapokutana na mizizi, isizikwe zaidi ya sentimita 2 au 3. Ulieleza hata kwamba mmea huu, ambao jina lake la kitaalamu ni Hemerocallis, si yungiyungi halisi, na kwamba kila ua huishi siku moja tu, ingawa bua lenye matumba mengi huendelea kuchanua kwa wiki kadhaa.

Kasoro iko kwenye lebo, ambayo ilitaja rangi na kimo, ikanyamaza kuhusu tabia ya majani. Ziko aina ambazo majani yake hukauka na mmea ukalala wakati wa baridi, ziko zinazobaki kijani mwaka mzima, na ziko za katikati. Katika bustani kama yangu, ambamo umande haugandi, nyingi za zile zinazolala hukosa kipindi cha kupumzika na hudhoofika mwaka hadi mwaka. Kati ya aina zangu tatu, ya manjano imejaza kitanda chake, na ya zambarau inajitahidi. Lakini ile nyekundu iliyokolea, niliyoitamani kuliko zote, ilitoa mabua mawili mwaka wa kwanza, moja mwaka wa pili, na msimu huu imetoa majani tu.

Zile za kijani daima nazo zina hatari yake, ambayo pia haikutajwa. Kuvu wa kutu, Puccinia hemerocallidis, ambao uligunduliwa Marekani mwaka 2000, hudumu kwenye majani mabichi pasipo na baridi ya kuyaua, na huyaacha na vumbi la rangi ya chungwa. Nakiri kwamba miche yangu ilifika safi; hata hivyo, onyo la mstari mmoja lisingewagharimu chochote.

Nilipowaandikia kuuliza kuhusu ile nyekundu, walijibu kwa adabu baada ya siku mbili, wakanitajia tabia ya kila moja ya aina zangu tatu bila kusita. Kumbe habari hiyo walikuwa nayo tangu mwanzo. Nimeagiza tena kwao mashina 4, yote ya kijani daima, na safari hii niliuliza kabla ya kulipa.