Kompyuta za kiganjani zinazopiga muziki: Zire 31, Tungsten E na E2 mezani

Zire 31 ya palmOne ilitoka Aprili 2004 kwa dola 149. Ndugu yake mdogo, Zire 21, ilikuwa dola 99. Kwa hizo dola 50 za ziada ulipata kioo cha rangi, nafasi ya kadi ya SD na tundu la hedifoni la milimita 3.5, na hivyo viwili vya mwisho ndivyo vilivyoifanya iitwe kifaa cha kupanga ratiba na kusikiliza muziki kwa pamoja. Mashine hizi sasa zinapatikana mitumba tu, na bado zina watu wake: wanaotaka kalenda, anwani na nyimbo bila simu kuwapigia kelele kila dakika. Kama wewe ni mmoja wao, anza kwa kupiga hesabu.

Wimbo wa MP3 uliobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde unakula karibu megabaiti moja kwa dakika. Wimbo wa dakika nne basi ni kama megabaiti 3.8. Memori ya ndani ya Zire 31 ni megabaiti 16, na zinazobaki kwa mtumiaji ni chini ya 14. Hata kama ungeweza kuzijaza muziki wote, zingeingia nyimbo tatu na kalenda ikose pa kulala. Ndiyo maana nyimbo hukaa kwenye kadi, na kadi haikuwemo kisandukuni. Bei halisi ya kusikiliza muziki ilikuwa dola 149 pamoja na kadi. Januari 2005 Apple ikaleta iPod shuffle ya gigabaiti moja kwa dola hizo hizo 149, bila kioo lakini ikiwa na nafasi ya nyimbo zaidi ya 200. Aliyetaka muziki peke yake hakuwa na sababu ya kuigusa Zire, na hana sababu hata leo. Muziki hapa ni nyongeza, kama ile embe moja ambayo muuzaji anakutupia juu ya fungu. Unainunua mashine kwa ajili ya fungu.

Na fungu lenyewe? Kalenda, anwani, orodha ya kazi na madokezo ya Palm OS, mfumo unaoziendesha mashine hizi, ni mepesi na ya haraka mno: unabonyeza kitufe, ukurasa wa leo uko mbele yako kabla kidole hakijaondoka. Kinachoiangusha Zire 31 ni kioo. Ni nukta 160 kwa 160, maandishi yana kingo za ngazi, na mbele ya jua utakigeuza geuza kama anayetafuta mtandao. Vitufe vya mkato navyo ni viwili tu. Tungsten E ya kampuni hiyo hiyo, iliyotoka Oktoba 2003 kwa dola 199, ina nukta 320 kwa 320, yaani mara nne zaidi, memori ya megabaiti 32 na vitufe vinne. Ukizikuta zote mbili zikiwa katika hali moja, chukua Tungsten E bila kufikiri mara mbili. Prosesa ya Zire ina kasi zaidi kwenye karatasi, megahezi 200 dhidi ya 126, lakini kwa kazi ya kupiga MP3 huku ukiandika miadi hutaiona tofauti.

Zote mbili, hata hivyo, zina ugonjwa mmoja ambao wanunuzi wengi huugundua wakiwa wamechelewa. Memori yao inategemea umeme wa betri. Hata mashine ikizimwa, betri inaendelea kudondosha umeme kidogo kidogo ili kushikilia data. Iache kwenye droo wiki kadhaa, betri ikauke kabisa, na utakapoiwasha itakusalimia kama mpya: majina, namba na miadi vyote vimekwenda. Nyimbo zitakuwa salama kwa kuwa ziko kwenye kadi, na hilo linauma zaidi. Betri kuukuu inafupisha muda huo, na imefungiwa ndani, haitoki kama ya simu za zamani. Kinga ni programu ya kunakili data kwenda kwenye kadi kila usiku, na mazoea ya kuichaji hata usipoitumia.

Tungsten E2 ya mwaka 2005, iliyoanza kwa dola 249, iliponya ugonjwa huo kwa kutumia memori ya flashi. Betri ikiisha, data inabaki. Gharama yake ni kusitasita kidogo unapofungua programu nzito. Ina Bluetooth pia, jambo lenye faida kubwa sasa: Windows ya biti 64 pamoja na Palm Desktop 6.2, programu ya kompyuta ya kuoanisha data na mashine, haisawazishi kwa waya wa USB, ila kwa Bluetooth inakubali. Mwenye Zire 31 au Tungsten E, ambazo hazina Bluetooth, atafute kompyuta yenye Windows ya biti 32 au atumie J-Pilot, programu ya kazi hiyo hiyo kwenye Linux.

Kadi nayo ina masharti. Usinunue SDHC, yaani kadi za SD za kizazi kilichofuata: za gigabaiti 4 na kuendelea hazitasomeka. Kikomo salama ni SD ya kawaida ya gigabaiti 2, na microSD ya ukubwa huo ndani ya adapta inafaa pia. Iformati kwa mpangilio wa mafaili uitwao FAT16, si FAT32, kisha tengeneza folda iitwayo AUDIO na uweke MP3 humo. Usizipitishe nyimbo kwenye HotSync, njia ya Palm ya kusawazisha mashine na kompyuta, utazeeka. Chomeka kadi kwenye kisoma kadi cha kompyuta, nakili, itoe kwa utaratibu. Gigabaiti 2 kwa kilobiti 128 ni nyimbo kama 500. Kupandisha hadi kilobiti 192 kunakupunguzia theluthi ya hizo.

Kicheza muziki cha RealPlayer kinatosha kwa kuanzia. Pocket Tunes ni bora: inaendelea kupiga nyuma ya programu nyingine, na inaweza kuzima kioo muziki ukiendelea. Hilo la pili ndilo linalookoa betri, kwa sababu taa ya kioo inakula umeme kuliko muziki wenyewe.

Kabla hujatoa pesa, chomeka hedifoni na uizungushe plagi taratibu huku wimbo ukipiga. Sikio moja likikatika au ukisikia mkwaruzo, tundu limelegea kwenye bodi, na kulichomelea upya ni kazi ya fundi mwenye mkono mwepesi. Bonyeza kadi iingie, ibonyeze tena itoke. Isipodaka, springi imechoka. Fungua daftari la kuchora, vuta mstari karibu na kila ukingo wa kioo. Mstari ukiruka mbali na kalamu, rekebisha kwanza kwenye Prefs, yaani mipangilio. Ukiendelea kuruka, kioo kimechoka na bei ishuke. Ulizia chaja pia. Kwenye Tungsten E tundu la chaji ni la duara na ni tofauti na la USB, kwa hiyo waya wa data peke yake haukufikishi popote.

Mashine ikiganda, kuna kitundu mgongoni. Kuchokoa peke yake huiwasha upya bila kupoteza kitu. Kuchokoa huku umeshikilia kitufe cha kuwasha hufuta kila kilichomo, hivyo usimwachie muuzaji afanye hivyo kabla hujaona kama mashine ilikuwa ikishika data zake.

Halafu fungua kalenda, usogeze mwaka mbele. Palm OS inaishia tarehe 31 Desemba 2031, na siku ya kuzaliwa uliyoiwekea ijirudie kila mwaka haitavuka hapo.