24 au Homeland: ipi inachekesha zaidi?

Mashabiki wa tamthilia za kupambana na ugaidi hawaishi kubishana: uongo mtamu zaidi uko wapi, 24 au Homeland?

Kwa wingi wa vituko, 24 haina mpinzani. Msimu mzima ni siku moja, saa kwa saa, na ni nadra kumwona shujaa wake, ajenti Jack Bauer, akila au kulala. Msalani ndiyo usiseme. Anakatiza Los Angeles kwa dakika chache kana kwamba foleni zimepigwa marufuku. Kikosi chake cha kupambana na ugaidi, CTU, kinanusa magaidi kila kona ila wasaliti waliomo ofisini hakiwaoni. Na Kim, binti yake? Msimu wa pili ananasa mtegoni porini, puma akimnyemelea, huku baba anasaka bomu la nyuklia!

Homeland inajifanya ya maana, kwa hiyo ikiteleza inateleza vibaya. Makamu wa Rais anauawa kwa kudukuliwa kifaa cha moyo wake. Brody, mwanajeshi wa Marekani aliyegeuzwa na magaidi, anatuma ujumbe wa simu kumwonya gaidi, tena akiwa ndani ya Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani. Kilichonivunja mbavu hakikuandikwa na watunzi: mwaka 2015 wasanii walioajiriwa kuchora kuta za seti waliandika kwa Kiarabu kwamba tamthilia hiyo ni ya kibaguzi, ikarushwa hivyohivyo.

Muda? Msimu wa Homeland una vipindi 12. Misimu minane ya awali ya 24 ina vipindi 24 kila mmoja.

Mkiwa kundi na kelele zinaruhusiwa, wekeni 24. Ukiwa peke yako, na unapenda uigizaji mzito wa nyota wake Claire Danes, chukua Homeland, ila kicheko utakisubiri.