Kipimo cha umeme wa retina: huduma nzuri, giza linavuja

Mimi dereva wa bajaji, kijiwe changu Majengo sokoni, Dodoma. Tangu mwaka jana jua likizama naona kama nimevaa miwani iliyopigwa masizi. Siku nilipopanda ukingo wa barabara na abiria ndani, nikasema basi, nikaenda kliniki moja ya macho hapahapa mjini. Daktari alimulika, hakuona cha kutisha, akaniandikia kipimo cha umeme wa retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Nilidhani napigwa shoti. Wapi! Jicho lenyewe ndilo hutoa umeme likimulikwa, kidogo mno, mashine inausoma tu na kuuchora kama mstari. Waliniwekea matone ya kupanua mboni, wakaniweka gizani dakika 20 ili seli za usiku ziamke.

Hapo ndipo penye lawama yangu. Dakika ya 15 mtu kafungua mlango anaulizia faili, mwanga wa korido huo, pwaa! Tukaanza kuhesabu upya. Jamani, komeo la mlango bei gani?

Nesi nampa nyota zote tano. Kwa mwanga wa taa ndogo nyekundu, hafifu, alinitia matone ya ganzi, akalaza uzi mwembamba kama wa buibui kwenye ukingo wa kope la chini, na waya mbili akazibandika kipajini na pembeni ya jicho. Uzi unatekenya, hauumi. "Kaka, usiume meno wala usikunje uso, misuli nayo ina umeme, utanivurugia mstari." Mwanga wa kwanza ulikuwa hafifu hadi nikauliza kama umewaka. Baadaye taa ikawashwa, tukakaa dakika 10, ndipo ukaja ule wa kupepesa mara 30 kwa sekunde.

Daktari alinikalisha, akanionyesha karatasi bila haraka. Kwenye mwanga wa kupepesa vilima vya mstari wangu vimesimama. Kwenye ule hafifu mstari umelala kama mbuga ya Bahi. Seli za usiku zimechoka, za mchana bado zipo. Akasema huenda ni ya kurithi, ndugu zangu wa tumbo moja nao waje wapimwe. Safari za usiku nimemwachia mpwa wangu.

Nendeni na mtu wa kuwarudisha. Nilitoka saa saba mchana, mboni zimepanuka, jua la Dodoma mnalijua. Nikapanda nyuma kwenye bajaji yangu mwenyewe, kofia usoni, mpwa anaendesha. Tulipofika akanidai nauli.