Kingston A400 ya GB 240 kwenye OptiPlex 7010 ya zamani: hela yako ianzie hapa

Kwa wasiopenda maelezo marefu: kama una deskitopu ya zamani home na bajeti yako haizidi laki, nunua SSD kwanza (disiki ya kisasa, ndani hakuna kinachozunguka), mengine baadae. Mimi nimeifunga SSD ya Kingston A400 kwenye deskitopu ya Dell OptiPlex 7010, hizi za mtumba zinazotoka maofisini huko Ulaya, ukienda Kariakoo zimejaa, na aisee mashine imebadilika mpaka wife akauliza nimenunua nyingine lini.

Hii 7010 ni toleo la 2012, prosesa Core i5-3470, RAM GB 4 na hard disk ya GB 500 iliyokuja nayo. Kabla ya SSD ukiiwasha unaweza kwenda kuoga ukarudi bado vidoti vinazunguka, ukifungua Chrome na Word pamoja inaganda. Watu wakiona hivyo wanakwambia prosesa imechoka tupa. Sio kweli bana, ile i5 ya GHz 3.2 kwa kazi za nyumbani bado iko vizuri tu, shida ni disiki ya kuzunguka, kichwa chake kinahangaika kutafuta vifaili vidogo vidogo huku na huku na Windows ya siku hizi haiishi kuviita. Fungua Task Manager, ukikuta disiki iko 100% na prosesa iko 10% hapo mchawi umeshamjua.

Kingston wanasema A400 inasoma mpaka MB 500 kwa sekunde na kuandika mpaka MB 350. Ila angalia unapochomeka, kwenye ubao wa 7010 soketi za SATA (za kuchomekea waya wa disiki) hazilingani, mbili ni za Gb 6 kwa sekunde na zingine za Gb 3, so weka kwenye iliyoandikwa SATA 0 usipoteze spidi bure. Kava lenyewe linafunguka bila bisibisi. SSD ni ya inchi 2.5 itapwaya kwenye nafasi ya disiki ya inchi 3.5, kuna vibati vya kushikilia vinauzwa, ila hata tepu ya pande mbili inatosha, ndani hakuna kinachozunguka. Disiki ya zamani nimeibakiza kwa ajili ya picha na muvi.

Sio kwamba haina kasoro. A400 haina DRAM (memori ya haraka ya kuisaidia SSD), ndo maana bei yake iko chini, ukikopi mafaili makubwa kwa mkupuo usitegemee ile spidi ya kwenye boksi. Waranti ni miaka 3 na uvumilivu wa kuandika TB 80 (jumla ya data unayoweza kuiandika maisha yake yote), kwa mtu wa kuedit video kila siku hii haimfai, kwa mtoto wa sekondari na mahesabu ya duka inamfaa sana.

Hela ikibaki ongeza RAM. Ni za aina ya DDR3 za deskitopu, za laptopu ni fupi haziingii, DDR4 ndo kabisa, na used zipo bei poa. Weka mbili zinazofanana.

Windows sasa. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kuendelea na TPM 2.0 (chipu ya usalama), hii ni kizazi cha 3 haimo. Kuna njia za kulazimisha, mimi sikutaka presha nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, LibreOffice (ya kuandikia na mahesabu kama Word na Excel) imo ndani na madogo wanaitumia kama kawa.

Halafu ukikuta SSD ya TB 2 inauzwa bei ya hii ya GB 240 pita tu, nyingi hizo wamechezea iandike ukubwa ambao haina. Ukiwa na wasiwasi ijaze data kwa H2testw, programu ya Windows, itakwambia ukweli. Nyota 4 kwa 5 kwangu. Na ukiwa umeshafungua kava badili na betri ya CR2032, ikichoka ndo inayofanya saa ya mashine irudi nyuma kila Tanesco wakikata.