TAHADHARI: Mnaojenga Kisumu, huyu muuzaji wa taa za ngazi na korido atawamaliza

Wenzangu mnaojenga huku Mamboleo, Riat, Kibos na kwingineko Kisumu, someni hili kabla hamjatuma hata shilingi. Kuna mtu anauza taa za LED za kuzama, zile ndogo zinazochimbiwa ukutani kando ya vidato vya ngazi na zile za duara za dari ya jipsamu. Anatangaza mtandaoni kwa picha nzuri na bei inayovutia. Mimi aliniuzia taa 24, na 23 kati yake hazifai kuwekwa nyumbani kwa mtu yeyote.

Hakunitapeli kwa haraka haraka, na ndiyo maana naandika. Alikuja mwenyewe hadi kwenye mjengo akiwa na taa moja ya ngazi ya kuonyesha. Tuliichomeka kwenye ekstensheni, ikatoa mwanga mtulivu wa manjano kidogo, na ukiishika mkononi unahisi uzito wake. Ilikuwa na mkwaruzo mdogo kwenye pete ya nje. Akaniambia nisijali, hiyo ni ya maonyesho tu, kisha akaondoka nayo akidai kuna mteja mwingine anaisubiri. Nikaagiza 14 za ngazi kwa shilingi 450 kila moja na 10 za korido kwa 650. Jumla 12,800. Alisema Till yake, ile namba ya M-Pesa ya biashara, ina shida, nitume kwa namba yake ya simu. Nikatuma. Hapo nilikosea, na nawaomba msikosee nilipokosea.

Mzigo ulikuja kesho yake kwa bodaboda, katoni zilezile, maandishi yaleyale. Fundi akaweka zote. Wiki ya tatu taa za ngazi zikaanza kumetameta, na baada ya wiki mbili nyingine, taa nne zilikuwa zimekufa kabisa. Mama yangu amepita miaka 70. Usiku hushuka ngazi akipapasa ukuta, na taa hizo niliziweka kwa ajili yake. Ngazi yenye kidato kimoja chenye mwanga na viwili vya giza ni mbaya kuliko ngazi ya giza tupu, kwa sababu jicho linaamini kinachoonekana.

Halafu mdogo wangu alikuwa akipangusa ukuta kwa kitambaa chenye maji. Kitambaa kiligusa pete ya taa, akapigwa na stima, mkono ukaruka. Nashukuru Mungu alikuwa amevaa ndara za mpira. Fundi alipoigusa ile pete kwa testa, testa ikawaka. Jioni ileile tukazing'oa zote.

Tulizimwaga mezani tukaanza kuzikagua. Moja ilikuwa na ule mkwaruzo! Ile ya maonyesho alikuwa ameirudisha ndani ya mzigo. Kwenye mizani ya jikoni ilikuwa gramu 210. Zilizobaki za ngazi, gramu 95 kila moja. Fundi akafungua hiyo na moja ya nyepesi. Ile nzito ina bodi ya alumini ya kuondoa joto, na draiva yake, yaani kifaa kinachobadili stima ili taa iitumie, ina transfoma ndogo inayotenganisha stima ya 240 na sehemu ambayo mtu anaweza kugusa. Ile nyepesi mwili wake ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Badala ya draiva kuna kapasita moja na vipande viwili vitatu vya kupunguza mkondo, hakuna kilichotenganishwa. Njia ya stima inafika hadi kwenye vijitaa vyenyewe, na ikiwa pete ya chuma imekaa vibaya, nayo inabeba. Joto halina pa kwenda, ndiyo maana zinakufa mapema.

Zile za korido zimeandikwa wati 7. Fundi alizipima kumi zikiwaka pamoja, zikavuta wati 31. Na rangi hazilingani: sita za manjano, nne nyeupe ya buluu kama ya hospitali, wakati kila katoni imeandikwa Kelvini 3000, yaani mwanga wa manjano.

Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, ipo kwenye katoni, imechapishwa vizuri kabisa. Nilituma SM# na namba ya kibali iliyo kwenye katoni kwenda 20023, jibu likaja la bidhaa ya aina nyingine. Ujumbe huo ningeutuma nikiwa bado na pesa yangu, nisingekuwa nawaandikia leo.

Kwa hiyo mtu akikuletea taa moja ya kuonyesha, inunue palepale na ubaki nayo. Mzigo ukifika, pima kila moja dhidi ya hiyo kabla hujalipa zilizobaki. Washa zote kwa pamoja mezani kabla fundi hajakata jipsamu, maana tundu likishakatwa atakwambia umezitumia na hazirudi. Elekeza kamera ya simu kwenye mwanga: ukiona mistari myeusi inatembea, draiva ni mbovu. Taa yenye pete ya chuma na nyaya mbili tu, bila waya wa ethi (wa ardhini), muulize fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, kabla ya kuiweka mahali mtoto anafika. Na ukituma pesa kwa M-Pesa ukashtuka, peleka ule ujumbe wa malipo kwenda 456 hapohapo ili warudishe pesa. Mimi nilichelewa, hela zilikuwa zimeshatolewa.

Nilipompigia mara ya kwanza aliahidi kuniletea nyingine "wiki hii". Mara ya pili hakushika. Sasa ameniblok, na ukurasa wake umebadilishwa jina ingawa picha ni zilezile. Nimeripoti polisi, nina namba ya OB, ile ya kitabu cha ripoti cha kituo. Kama nawe umeuziwa taa nyepesi kwa mtindo huu wa kuletewa moja nzuri kwanza, niandikie inboksi na ulete ujumbe wako wa malipo. Tukienda wengi itakuwa vigumu kutuambia ni mteja mmoja tu aliyeharibu taa zake mwenyewe.

Mama kwa sasa analala chumba cha chini.